Diski Kubwa Ndani ya Seva Kongwe: Soma Namba Kabla Hujafomati

Umenunua diski ya terabaiti 4, umeitia kwenye seva yako kongwe ya nyumbani, na skrini inakuonesha gigabaiti 1,678. Muuzaji wa Darajani anaapa kuwa diski ni mpya. Jamaa anakwambia umeuziwa feki. Fundi wa mtaani naye, bila hata kuitazama, anasema, "Ifomati tu bwana, itakaa sawa." Kabla hujamsikiliza yeyote, chukua karatasi uiandike hiyo 1,678. Namba hiyo imeshamtaja mwenye kosa, na aghalabu si diski.

Diski haijui gigabaiti, inajua sekta. Sekta ya kizamani ni baiti 512. Kati ya sahani za diski na folda unayoiona wewe kuna wahesabuji wengi waliopanga foleni: famwea (programu iliyomo ndani ya diski yenyewe), kisanduku cha USB au kadi ya SATA (soketi ya diski ndani ya kompyuta), BIOS (programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows), draiva (programu ya kuongozea kifaa), jedwali la partisheni (orodha ya vigawanyo vya diski), mfumo wa mafaili, na mwisho programu ya seva. Kila mmoja ana kaunta yenye upeo wake, na mwenye upeo mdogo ndiye anayewatawala wote. Kaunta ya biti 28 hukomea sekta 268,435,456, yaani gigabaiti 137 za dukani. Kaunta ya biti 32 hukomea sekta 4,294,967,296, yaani terabaiti 2.2. Ukiipita hapo, hurudi sifuri na kuanza upya kama mita ya kilomita ya gari kongwe, na kinachoonekana kwenye skrini ni mabaki.

Mifumo inayohusika khasa ni Windows Home Server ya kwanza ya 2007, iliyojengwa juu ya Windows Server 2003, na Windows Home Server 2011, iliyojengwa juu ya Server 2008 R2. Microsoft iliacha kuihudumia ya kwanza Januari 2013 na ya pili Aprili 2016. Huku kwetu masanduku ya HP MediaSmart au Acer easyStore ni machache, mengi yamekuja na jamaa waliorudi kutoka Uingereza au Oman. Seva nyingi za nyumbani Unguja na Pemba ni kompyuta za ofisi za mtumba zilizotiwa mfumo wa seva, au XP tu inayogawa mafolda kwa nyumba nzima. Shida zao zinafanana.

Namba imepungua kidogo: 2,794 badala ya 3,000, au 3,726 badala ya 4,000

Hapa hakuna ugonjwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Diski ya TB 3 ikionesha 2,794, ya TB 4 ikionesha 3,726, ya TB 6 ikionesha 5,589 na ya TB 8 ikionesha 7,452, imetimia. Endelea na shughuli zako, na kamwombe radhi muuzaji kama ulishamwita mwizi.

Diski nzima inaonekana 746, 1,678, 1,493 au 1,308

Hizi ndizo namba za mabaki. Diski ya TB 3 ikitolewa TB 2.2 hubakiza gigabaiti 746. Ya TB 4 hubakiza 1,678. Ya TB 6 huzungusha kaunta mara mbili na kubakiza 1,493, ya TB 8 mara tatu na kubakiza 1,308. Ukiona mojawapo ya namba hizi kama ukubwa wa diski nzima, bila sehemu nyingine iliyobaki pembeni, yupo mhesabuji wa biti 32 kati ya diski na Windows. Jedwali la partisheni halihusiki bado, kwa hiyo kubadili jedwali la kizamani (MBR) kuwa jipya (GPT) hapa hakutakusaidia kitu.

Mtafute kwa kumwondoa mmoja mmoja. Chomoa diski ndani ya seva uichomeke kwenye kompyuta mpya, moja kwa moja kwenye soketi ya SATA. Ikionesha ukubwa kamili, diski ni nzima. Rudi kwenye seva uingie BIOS. Kama hata BIOS inaonesha gigabaiti 801 kwa diski ya TB 3 (BIOS nyingi huhesabu kwa elfu, na 801 ni ile ile 746), basi tafuta toleo jipya la BIOS la mazabodi yako. Mtengenezaji akiwa hakulitoa, inabaki kuongeza kadi ya SATA. BIOS ikionesha sawa lakini Windows ikakosea, mtazame draiva. Kwenye mashine za Intel, draiva za Rapid Storage za kabla ya toleo la 10.1 hazikuweza diski zinazozidi TB 2.2. Home Server 2011 ikiwekewa toleo la 10.1 au la baadaye, mara nyingi namba hurudi sahihi baada ya kuzima na kuwasha, bila kugusa diski.

Unaponunua kadi angalia chipu iliyomo, si rangi ya boksi. Kadi za seva za mtumba zenye chipu ya LSI 1068E huuzwa rahisi kwa sababu zinakomea TB 2 kwa kila diski, na hakuna famwea itakayoziponya. Zenye SAS2008 hazina kikomo hicho. Muulize muuzaji, na kama hajui, igeuze kadi uisome mwenyewe.

Hali hii ina hatari moja inayowatia watu hasara. Baadhi ya visanduku vya USB na madraiva ya zamani huonesha ukubwa sahihi lakini huandika kwa kaunta fupi. Diski inafanya kazi vizuri miezi mingi, mpaka data inapofika mpaka wa TB 2.2. Faili linalofuata linaandikwa kwenye sekta sifuri, juu ya jedwali la partisheni. Mwenye diski atakwambia ilikuwa nzima jana na leo ni tupu, na atakuwa anasema kweli. Ikikukuta, izime papo hapo. Data iliyo katikati ya diski bado ipo, kilichofutwa ni mwanzo wake, na kila dakika unayoiacha ikiwaka unafuta zaidi.

Inaonekana 2,048, na pembeni kuna sehemu nyeusi isiyogusika

Hii ni ndugu ya hapo juu, na watu huzichanganya. Safari hii Windows inaiona diski nzima, ila inaigawa vipande viwili: kimoja cha gigabaiti 2,048 kinachotumika, na kingine, kwa TB 3 ni 746, ambacho ukikibofya kila kitu ni kijivu. Mhesabuji mfupi hapa ni jedwali la partisheni la MBR, lililobuniwa enzi za DOS na lenye nafasi ya biti 32 tu.

Dawa ni GPT. Server 2003 kuanzia Service Pack 1, na Server 2008 R2, zote zinaisoma GPT kwenye diski ya data. Fungua diskpart (programu ya Windows ya kugawia diski kwa amri), andika `list disk`, na utazame safu ya mwisho: yenye nyota ni GPT, isiyo na nyota ni MBR. Amri ya `convert gpt` inakubali diski tupu tu, na `clean` inayotangulia inafuta orodha ya kila kilichomo. Kwa hiyo hamisha data kwanza. Na soma namba ya diski mara mbili kabla ya kuandika `select disk`, kwa sababu diskpart haiulizi "una hakika?"

Home Server ya 2007 ina kikwazo cha ziada. Ile teknolojia yake ya Drive Extender, inayounganisha diski zote kuwa bwawa moja, hutia MBR kila diski unayoiongeza kupitia dirisha lake. Diski ya TB 3 ndani ya bwawa itabaki ya TB 2. Unaweza kuiweka nje ya bwawa kama diski ya kawaida yenye GPT na kuigawa kwa mkono, lakini hapo umepoteza ule urudufishaji wa mafolda uliokufanya uipende mashine hiyo. Maoni yangu: kwenye ile ya 2007 tia diski za TB 2 na usihangaike. Ukishahitaji kubwa zaidi, hama.

Inakwama 127 au 128

Kaunta ya biti 28. Utaikuta kwenye XP isiyo na Service Pack yoyote, kwenye Windows 2000 ambayo haijawezeshwa kwa diski kubwa, au kwenye BIOS ya kabla ya 2002 hivi. Mashine ya umri huo isitunze kitu chenye thamani. Toa data yake, umpe mtoto ajifunze kufungua skrubu.

"You need to format the disk" baada ya kuitoa kwenye kisanduku chake

Hapa ndipo data nyingi za watu zinapotea bila sababu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpiga video wa harusi Chake Chake alikuwa na diski ya nje ya TB 3 aliyoitumia na kompyuta ya XP. Soketi ya USB ya kisanduku ikalegea, akakifungua, akaitoa diski na kuichomeka ndani ya seva yake. Windows ikamwambia diski haijafomatiwa. Akanipigia simu: "Bwana fundi, humu mna harusi za watu, mna na maulidi. Nikubali au nikatae?"

"Kataa. Bonyeza Cancel, kisha zima."

Watengenezaji wa visanduku vile walijua XP haiwezi kupita TB 2.2 kwa MBR, wakatumia ujanja. Kisanduku kinaiambia kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4,096 badala ya 512. Sekta zikiwa kubwa mara nane, kaunta ile ile ya biti 32 inafika mbali mara nane, na XP inaiona TB 3 nzima bila GPT. Lakini jedwali lililoandikwa humo linahesabu kwa 4,096. Ukiitoa diski na kuichomeka SATA, kompyuta inahesabu kwa 512, inatafuta partisheni mahali pasipo pake, haioni kitu, na inakuomba ufomati. Data haijaguswa hata herufi moja.

Tiba: irudishe kwenye kisanduku kile kile, au kingine cha aina na modeli ile ile, na utaiona kama ilivyokuwa. Nakili kila kitu kwingine. Ndipo uitoe, uitie GPT ndani ya seva na uirudishie data. Yule bwana wa Chake Chake alihitaji tu soketi mpya ya USB ichomelewe kwenye bodi ndogo ya saketi ya kisanduku. Kinyume chake kinatokea vilevile: diski iliyofomatiwa ndani ya kompyuta ikitiwa kwenye kisanduku cha aina hiyo, inaonekana tupu.

"GPT Protective Partition"

Umechukua diski kutoka mashine mpya, umeichomeka kwenye XP ya biti 32. XP hiyo haijui GPT, inaona ukuta tu. Ukuta huo umewekwa makusudi ili mifumo ya zamani isije ikadhani diski ni tupu. Usiuvunje. Irudishe diski kwenye mashine mpya, na XP iisome kupitia mtandao.

Inaonekana nzima, inafanya kazi, lakini ni nzito ajabu

Kuanzia mwisho wa 2009 na 2010, watengenezaji walianza kuuza diski zenye sekta halisi za baiti 4,096 zinazojifanya za 512 kwa ajili ya mifumo ya zamani. Kwenye kibandiko utaona Advanced Format au 512e. Server 2003, XP na Home Server ya 2007 huanzisha partisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63. Namba 63 haigawanyiki kwa 8. Kila kizuizi cha Windows (kifungu cha data inachoandika kwa pamoja, kwa kawaida kilobaiti 4) kinaangukia sehemu kwenye sekta halisi moja na sehemu kwenye ya pili, na diski inalazimika kusoma zote mbili, kuzirekebisha na kuziandika upya. Kusoma faili moja refu huenda kukawa sawa. Kuandika mafaili madogo mengi, picha za simu kwa mfano, ndiko kunakochosha roho.

Pima hivi. Fungua dirisha la amri uandike:

`wmic partition get Name, StartingOffset`

Ukipata 32256, diski imekaa upande, maana 32256 gawa kwa 4096 ni 7.875. Ukipata 1048576, imekaa sawa, maana jawabu ni 256 kamili. Namba yoyote nyingine igawe mwenyewe kwa 4096: ikibaki sehemu, kuna tatizo.

Kwenye diski za mwanzo za WD Green, zile zinazoishia na EARS, kulikuwa na pini nyuma, pembeni ya soketi. Ukitia jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye pini ya 7 na ya 8, diski husogeza hesabu yake kwa sekta moja na 63 inakuwa 64. Inafaa pale tu ambapo diski ina partisheni moja na unaitia kwa mara ya kwanza. Diski kuu ya Home Server ya 2007 ina partisheni mbili, ya gigabaiti 20 ya mfumo na nyingine ya data, na jampa huiweka sawa ya kwanza tu. Hiyo inahitaji programu ya kupanga partisheni upya. La kukumbuka kuliko yote: jampa ikishatiwa na data ikaandikwa, usiitoe. Ukiitoa, kila sekta inasogea nafasi moja na diski inaonekana haijafomatiwa. Nimeletewa diski ya namna hiyo ambayo fundi wa kwanza aliitoa jampa "kwa sababu haina kazi". Ilirudishwa, data ikarudi.

Home Server 2011 huanzia 1048576 yenyewe, kwa hiyo haina shida hii, isipokuwa diski imekuja tayari na partisheni iliyotengenezwa na XP. Ila kaa mbali na diski zilizoandikwa 4Kn. Hizo hazijifanyi za 512 kabisa, na Windows ya kabla ya Windows 8 na Server 2012 haizitambui.

Uzito wa aina nyingine: diski inaenda mbio dakika za mwanzo, kisha inashuka kama imekanyagwa, hata partisheni ikiwa sawa. Huenda ni diski ya SMR, ambayo njia zake za kuandikia zimepandiana kama vigae. Mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6, diski zinazouzwa kwa ajili ya seva, zilikuwa za namna hii. Kwa kuhifadhi filamu hazina neno. Kwa RAID (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa moja) inayojijenga upya zinatesa. Tafuta modeli yako kwenye orodha ya mtengenezaji kabla ya kulipa.

Windows inakataa kujisimika, au inaanguka kwa skrini ya bluu

Windows ikiwa kwenye BIOS ya zamani huwaka kutoka diski ya MBR tu. Kwa hiyo usijaribu kusimika mfumo kwenye diski ya TB 4. Tia diski ndogo ya mfumo, kubwa iwe ya data peke yake. Home Server 2011 ina ushamba wake: inadai diski ya mfumo isiyopungua gigabaiti 160, basi SSD ya 120 uliyoipata kwa bei poa itakataliwa.

Skrini ya bluu yenye 0x0000007B mara nyingi imesababishwa na mtu aliyeingia BIOS na kubadili namna ya kuongea na diski kutoka IDE ya zamani kuwa AHCI mpya ili diski kubwa iende vizuri. Server 2003 haina draiva ya AHCI ndani yake. Rudisha IDE, iwashe, weka draiva, kisha ndipo ubadili.

Na kama kila kitu kinafanya kazi kwenye ile ya 2011 ila bakapu ya seva inakataa folda kubwa, si kosa lako. Bakapu yake huandika faili la VHD (diski ya kufikirika ndani ya faili moja), na VHD inakomea TB 2. Gawa data kwenye partisheni zisizozidi TB 2, au nakili kwa robocopy (amri ya Windows ya kunakili mafolda) na uachane na ile bakapu.

Haizunguki kabisa

Weka kidole juu ya diski unapowasha. Usipohisi mtikisiko, tatizo ni la umeme, halihusu hesabu.

Diski mpya kubwa, khasa zilizotolewa kwenye visanduku vya nje vya TB 8 na kuendelea, zinatumia pini ya tatu ya waya wa umeme wa SATA kama swichi ya kuzimia. Pawasaplai za zamani zinapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote. Diski inasoma "zima" na inatii. Funika pini tatu za mwanzo kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton, ile ya rangi ya dhahabu wanayotumia mafundi wa simu, au tumia waya wa kubadilisha Molex kuwa SATA, ambao hauna volti 3.3. Tepu ya kawaida ya umeme ni nene na gundi yake huyeyuka kwa joto letu. Usiitumie.

Ikijaribu kuzunguka ikashindwa, ikatoa mlio wa tik-tik, huenda pawasaplai imechoka. Diski ya inchi 3.5 hula karibu ampea 2 za volti 12 inapoanza. Nne zikianza pamoja kwenye pawasaplai ya ofisi ya mtumba, moja itabaki nyuma. Chomoa nyingine zote ujaribu yenye shida peke yake.

Inaonekana, inapotea, inarudi

Huu ndio ugonjwa wa visiwani. Soma takwimu za SMART (kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea) kwa CrystalDiskInfo au smartctl, na uangalie namba nne kwa makini. Namba 199, UDMA CRC Error Count, ikiwa inapanda huku 5, 197 na 198 (hesabu za sekta mbovu) ziko sifuri, diski ni nzima na data inaharibikia njiani, yaani kwenye kebo na soketi. Namba 197 au 5 ikipanda, diski yenyewe inakufa, na kazi yako ni kunakili haraka.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, Malindi, Shangani, Mkoani, hewa ya chumvi hufanya kutu kwenye vidole vya shaba vya soketi. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe nazo zinatoa unyevu wa chokaa masika yote. Chomoa kebo, futa vidole kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti safi, acha pakauke, badilisha kebo na mpya yenye klipu ya chuma. Mara nyingi 199 husimama papo hapo. Namba hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo iandike leo uilinganishe baada ya wiki.

Kisha umeme. Aliyekuwapo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, gridi ilipokatika kwa miezi mitatu na mji mzima ukaishi kwa jenereta, anajua volti inavyoweza kuyumba. Siku hizi umeme ni afadhali sana, lakini sekunde moja ya kukatika inatosha kuiacha diski ya TB 8 na mafaili nusu nusu. Baada ya hapo chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows) itajianzisha, na kwenye mashine yenye megabaiti 512 za RAM itachukua usiku kucha na zaidi. Ukidhani imekwama ukaizima, umeongeza jeraha. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) inunuliwe kabla ya diski kubwa, isije baadaye, na iunganishwe kwa USB ili izime seva yenyewe betri inapokaribia kwisha.

Joto pia. Seva iliyofungiwa kabatini chini ya televisheni, Februari, itakuwa na diski zenye nyuzi 50 na kitu bila kufanya kazi yoyote. Toa mlango wa kabati. Feni ya nyuma isafishwe vumbi.

Mafaili yaliyoandikwa mwanzo ni mazima, ya baadaye ni takataka

Kama ni diski ya nje ndogo iliyoandikwa TB 16 na bei yake ni ya chakula cha jioni Forodhani, umeuziwa famwea ya uongo. Ndani mna kumbukumbu ndogo, na kila kinachozidi hutupwa. Endesha H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: hujaza diski yote kisha husoma kilichoandikwa. Fanya hivyo kwa kila diski ya nje kabla hujaiamini, hata iliyotoka duka zuri.

Zaidi ya TB 16

Watu wachache wanafika huku. NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) iliyofomatiwa kwa vizuizi vya kawaida vya kilobaiti 4 inakomea TB 16, kwa hiyo chagua 8 au zaidi unapofomati. Ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) ya zamani isiyo na kipengele cha 64bit inakomea hapo hapo.

Kubaki au kuhama

Ukiona umefunga jampa, umebandika tepu, umetafuta draiva ya 2011 na bado bakapu inagoma, hama. Mashine ya biti 64 yenye gigabaiti 2 za RAM inabeba Debian (aina ya Linux) na OpenMediaVault (programu ya seva ya nyumbani) bila kulalamika, na GPT, sekta za 4,096 na diski za TB 8 si habari kwake. TrueNAS, mfumo mwingine wa seva, inataka gigabaiti 8, iache kama huna. Mfumo mpya unahudumiwa pia, na seva iliyoachwa bila masasisho tangu 2013 au 2016 isiunganishwe na intaneti kwa namna yoyote.

Kuhama kutoka ile ya 2007 si kugumu kama watu wanavyoogopa. Kila diski ya bwawa la Drive Extender ni NTFS ya kawaida. Ichomeke kwenye mashine nyingine, onesha mafolda yaliyofichwa, ufungue DE kisha shares. Mafaili yako yamo humo, ila yametawanyika kwenye diski zote, kwa hiyo pitia moja baada ya nyingine, unakili kwenda seva mpya na uache yanayojirudia. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa kila folda pande zote mbili kabla ya kufomati diski za zamani.

Zile diski za TB 1 na 2 zinazobaki mkononi usiziuze. Nakili humo picha za familia na hati za nyumba, kisha ipeleke moja kwa ndugu aliyeko kisiwa cha pili. Ukija Wete kwa mapumziko ya Idi, ichomeke, iongezee mapya, na usome ile 197 tena.